Gia za mkono au otomatiki? Pima mteremko, mzigo na fundi kabla ya kununua gari la shamba

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe ni kweli, kwani majembe yote yanalima, na likivunjika mpini linawekewa mwingine siku hiyo hiyo. Kwa gari la shamba mambo ni tofauti. Mkulima au mfanyabiashara mdogo anaponunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, maarufu kama 4x4, mara nyingi anatoa akiba ya misimu kadhaa kwa mkupuo mmoja, na pengine mkopo juu yake. Akikosea kuchagua, hana jingine la kuchukua ghalani. Mazao yataharibikia njiani, na mkopo utaendelea kudai.

Moja ya maamuzi yanayowasumbua wanunuzi wengi ni hili: wachukue gari la gia za mkono, yaani lenye klachi ya kukanyaga, au wachukue otomatiki?

Zamani swali hili halikuwa gumu. Magari ya kazi yaliyozoeleka vijijini yalikuwa ya gia za mkono kwa sehemu kubwa, kuanzia Land Rover zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, hadi Toyota Hilux zilizoanza mwaka 1968 na Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotoka mwaka 1984. Siku hizi hali imebadilika. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini yanatoka Japan, na huko otomatiki imetawala kwa muda mrefu kiasi kwamba mwaka 1991 ilianzishwa leseni maalumu ya watu wanaoendesha magari ya otomatiki pekee. Defender mpya ya Land Rover iliyoanza kuuzwa mwaka 2020 haina toleo la gia za mkono. Hata Toyota iliporudisha Land Cruiser 70 katika soko la Japan mwaka 2023, iliiuza ikiwa na gia otomatiki za hatua sita.

Matokeo yake ni kwamba mnunuzi anayeingia kwenye yadi ya magari anakuta Prado, Pajero na Escudo za otomatiki zimejipanga, na ya gia za mkono ni moja au hakuna kabisa. Muuzaji atamwambia otomatiki ndiyo ya kisasa. Dereva wa zamani atamwambia otomatiki ni ugonjwa wa mfukoni. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini swali la msingi linabaki: gari hilo litafanya kazi gani, katika njia gani, na likiharibika litatengenezwa na nani?

Zinavyofanya kazi

Ili kujibu swali hilo, ni vizuri kwanza kuelewa tofauti iliyopo kati ya aina hizi mbili.

Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi vinaunganishwa na klachi plati, ambayo hubanwa na presha plati kwenye flaiwili. Ukikanyaga klachi, plati inaachiwa na injini inazunguka peke yake. Ukiachia, plati inabanwa na nguvu inakwenda moja kwa moja kwenye magurudumu. Injini ikizunguka, magurudumu yanazunguka. Vile vile magurudumu yakizunguka, yanaizungusha injini. Jambo hili la mwisho ni muhimu sana, na tutalirudia.

Katika otomatiki ya kawaida hakuna klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo kiitwacho toki konveta. Chukua feni mbili uzielekeze zitazamane, uwashe moja tu. Upepo wa ile iliyowashwa utaanza kuizungusha na ya pili. Toki konveta inafanya kazi kwa namna hiyo, isipokuwa badala ya upepo inatumia oili. Ndiyo sababu gari la otomatiki linaweza kusimama likiwa kwenye D bila kuzima. Ndani ya giaboksi yake kuna klachi ndogo kadhaa zinazobanwa kwa msukumo wa oili hiyo hiyo.

Kwa maneno mengine, oili ya giaboksi ya otomatiki si ya kulainisha vyuma tu. Inabeba nguvu ya injini, inabadilisha gia, na inaondoa joto. Uhai wa giaboksi nzima upo kwenye oili hiyo.

Shamba liko juu, soko liko chini

Wakulima wa mboga wa Mgeta katika milima ya Uluguru, wa Lushoto katika Usambara, na wa viazi mviringo katika nyanda za Makete na Njombe, wana jambo moja linalowafanana. Mashamba yao mengi yapo milimani, na barabara ya kwenda sokoni inateremka. Gari linapanda likiwa tupu, na linashuka likiwa limejaa.

Wanunuzi wengi wanapojaribu gari huangalia kama lina nguvu ya kupanda. Ni kosa. Gari likishindwa kupanda, litasimama na utashusha mzigo. Gari likishindwa kujizuia kushuka, hakuna nafasi ya pili. Kwa mkulima wa milimani, swali la kwanza la gia ni la mteremko na mzigo.

Breki pekee hazitoshi kwenye mteremko mrefu. Dereva akizikanyaga mfululizo, ngoma na pedi zinapata joto kali, oili ya breki inaweza kuchemka, na pedali inakwenda chini bila kushika kitu. Kinachomwokoa ni gia ndogo. Magurudumu yanapolazimika kuizungusha injini ambayo haijakanyagwa mafuta, injini inagoma, na mgomo huo unalizuia gari.

Hapa gia za mkono zinaongoza. Ukiweka gia ya kwanza au ya pili, gari limefungwa na injini hadi utakapokanyaga klachi mwenyewe. Ukiongeza gia nzito, ile ya mkono mdogo wenye alama ya 4L, pikapu iliyojaa inaweza kushuka mlima wa tope kwa mwendo wa mtu anayetembea, breki zikiguswa mara chache tu.

Otomatiki nayo inazuia, lakini kwa kiasi kidogo zaidi, hasa zile za zamani za gia nne, kwa kuwa kati ya injini na magurudumu kuna oili, na oili inateleza. Dereva akiacha mkono wa gia kwenye D, giaboksi inaweza kupanda gia yenyewe katikati ya mteremko na gari likazidi kukimbia. Anatakiwa kuuweka kwenye 2 au L mwenyewe, tena kabla ya kuanza kushuka. Magari mapya zaidi yana mtambo wa umeme unaozuia mwendo wakati wa kushuka, lakini mtambo huo unatumia breki zile zile. Ni msaada mzuri kwa mteremko mfupi, lakini si mbadala wa gia ndogo kwenye mlima mrefu ukiwa na mzigo.

Kanuni ya madereva wazoefu inafaa kwa magari yote mawili: gia ambayo ungepandia mlima huo ukiwa na mzigo ndiyo ya kushukia. Na katika magari ambayo dereva huunganisha magurudumu ya mbele mwenyewe, gia nzito ya 4L ni ya njia inayoteleza tu. Kwenye lami kavu, kama ile ya Lushoto kushuka Mombo, tumia gia ndogo bila kuunganisha magurudumu ya mbele, vinginevyo utaharibu difu na mfumo mzima wa kuvuta.

Aidha, kuna tabia ya kushuka mlima gari likiwa nyutro kwa nia ya kubana mafuta. Tabia hiyo ni hatari na haina faida inayodhaniwa. Injini za dizeli, na za petroli zenye mfumo wa kupuliza mafuta, hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa. Zikiwa nyutro ndipo zinapohitaji mafuta ili zisizime.

Lumbesa huua giaboksi

Pikapu nyingi za kawaida hubeba karibu tani moja. Magunia kumi ya kilo 100 ndiyo tani hiyo imetimia. Magunia hayo yakifungwa lumbesa, idadi inabaki kumi lakini uzito umeshapita. Mwenye gari anahesabu magunia, giaboksi inahesabu kilo.

Katika gari la gia za mkono, mzigo uliozidi hula klachi. Dalili zinaonekana mapema: injini inalia lakini gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Dereva mwenye akili anasimama, anapunguza mzigo, na akifika mjini anabadilisha plati.

Katika otomatiki, mzigo uliozidi huchemsha oili, na oili ikiungua inazichukua zile klachi ndogo za ndani pamoja nayo. Dalili ni za kimya zaidi. Baadhi ya magari, zikiwemo Land Cruiser na Prado nyingi, yana taa yenye maandishi A/T OIL TEMP kwenye dashibodi. Ikiwaka, simama mahali salama, weka P, na uiache injini ikiunguruma taratibu hadi taa izime. Usiizime injini. Injini ndiyo inayozungusha pampu ya oili, na bila pampu oili haipiti kwenye kipozeo.

Rejeta nayo ni ya kuangaliwa. Katika magari mengi ya otomatiki, oili ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta ya injini. Rejeta ikioza ndani kwa sababu ya kujazwa maji ya mtoni kila siku, maji huingia kwenye oili, na oili hugeuka kama maziwa yenye rangi ya waridi. Giaboksi haitachukua muda mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo mwenye otomatiki asibanie dawa ya rejeta, kwani analinda giaboksi pia.

Tope na mchanga: zamu ya otomatiki

Isidhaniwe kwamba otomatiki haifai porini. Kwenye mchanga mzito, kama ule unaopatikana katika njia nyingi za mashamba ya korosho huko Mtwara na Lindi, otomatiki ina faida ya wazi. Mchangani gari halitakiwi kupoteza mwendo. Dereva wa gia za mkono akikanyaga klachi kubadilisha gia, kwa sekunde hiyo moja nguvu inakatika, magurudumu yanazama, na safari inaishia hapo. Otomatiki inabadilisha gia bila kukata nguvu.

Kwenye tope hali ni hiyo hiyo. Nguvu ya otomatiki inafika kwenye magurudumu taratibu, haiyashtui, hivyo hayaanzi kuteleza kirahisi. Kwenye mawe na makorongo dereva anaweza kusogeza gari kidogo kidogo bila hofu ya kuzima. Dereva mgeni akiwa na otomatiki mara nyingi atapita mahali ambapo angekwama akiwa na gia za mkono.

Ila kuna kosa moja la kuepuka. Gari likikwama, wengi hupenda kulipeleka mbele na nyuma mfululizo ili lijinasue. Ukifanya hivyo kwa otomatiki, hakikisha magurudumu yamesimama kabisa kabla ya kutoka D kwenda R, na usikanyage mafuta mengi. Dakika tano za kulazimisha zinaweza kugharimu zaidi ya trekta la kukuvuta.

Kwa upande wa gia za mkono, kosa linalofanana na hilo ni kuchezea klachi nusu nusu. Klachi ni ya kukanyaga yote au kuachia yote. Ukivuka mto, weka gia ndogo kabla ya kuingia na usiguse klachi hadi utokee ng'ambo, kwani maji na tope vikiingia kwenye plati, vitaifanya iteleze.

Betri ikifa, gari likivutwa

Gari la gia za mkono lenye betri dhaifu au stata mbovu linaweza kusukumwa na vijana wanne likawaka. Kwa dizeli za zamani zenye pampu isiyotegemea umeme mwingi, hilo linaweza kukufikisha hadi kwa fundi. Otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Ukiwa nayo mbali na barabara kuu, waya za kuazimia umeme na betri nzima ni lazima.

Suala la kuvutwa nalo lina mtego. Otomatiki iliyozima haitakiwi kukokotwa umbali mrefu magurudumu ya kuvuta yakiwa chini, kwani pampu ya oili imesimama na vyuma vinazunguka vikavu. Baadhi ya magari ya 4x4 yana nafasi ya N kwenye mkono mdogo wa 4L, nayo hutenganisha giaboksi na magurudumu. Kama gari lako halina nafasi hiyo, au hujui, soma kitabu chake kabla hujafunga mnyororo. Wapo watu waliotoka shambani na tatizo la pampu ya mafuta, wakafika mjini na tatizo la giaboksi pia.

Fundi yuko wapi?

Hili ndilo swali ambalo wanunuzi wengi hawalipi uzito. Kubadilisha klachi plati, presha plati na rilisi beringi ni kazi inayofahamika karibu katika kila mji wa wilaya. Fundi anashusha giaboksi kwa jeki na miti, anaweka vitu vipya, na mara nyingi gari linarudi barabarani baada ya siku moja au mbili. Spea za Hilux na Land Cruiser za kazi zinapatikana hata katika maduka madogo.

Giaboksi ya otomatiki inahitaji fundi aliyesomea, sehemu safi ya kufanyia kazi, na kwa magari ya karibuni inahitaji kompyuta ya kusoma hitilafu. Mafundi wa namna hiyo wapo zaidi katika miji mikubwa. Mara nyingi suluhisho linalotolewa ni kununua giaboksi nyingine iliyotumika, ambayo nayo hujui imetoka kwenye gari la namna gani.

Hivyo kabla ya kununua, fanya zoezi dogo. Nenda kwenye gereji mbili zilizo karibu na shamba lako na uulize mambo matatu kuhusu gari unalolitaka: klachi kamili inauzwaje, giaboksi ya otomatiki iliyotumika inauzwaje, na nani ataifunga. Kisha ongeza gharama ya kulisafirisha gari bovu hadi mjini, na siku ambazo nyanya au kabichi zako zitakuwa zinasubiri. Hesabu hiyo itakuambia ukweli kuliko maneno ya muuzaji.

Hata hivyo, otomatiki inayotunzwa haiharibiki ovyo. Iliyobadilishiwa oili kwa wakati, haikuzidishiwa mzigo na haikuchemshwa, inaweza kudumu miaka mingi bila kufunguliwa. Tofauti ni kwamba gia za mkono zinasamehe uzembe wa matunzo, na otomatiki haisamehi.

Nani atashika usukani?

Kama wewe mwenyewe ndiye dereva, unajua unavyolitendea gari. Kama gari litapita mikononi mwa madereva watatu kwa mwaka, hesabu inabadilika. Dereva mbovu anaweza kuunguza klachi mpya kwa wiki chache. Wapo wafanyabiashara wanaochagua otomatiki kwa sababu hiyo, hasa kwa magari mepesi yanayozunguka mjini kusambaza bidhaa. Katika foleni za Kariakoo au Buguruni, mguu wa kushoto unapumzika na hakuna plati inayoliwa kwa kusimama na kuondoka kila hatua.

Wazee, na watu wenye maumivu ya goti, nao wana haki ya kuchagua gari lisilowachosha. Dereva aliyechoka ni hatari kuliko gia ya aina yoyote.

Kuhusu mafuta, otomatiki za zamani za gia tatu au nne kwa kawaida hunywa zaidi kuliko gia za mkono kwa injini ile ile. Zile za karibuni za gia sita na kuendelea zimepunguza sana pengo hilo, na baadhi yake zinashinda. Kwa mnunuzi wa gari lenye umri wa miaka kumi na tano au ishirini, ni busara kuhesabu kwamba otomatiki itakula zaidi.

Tahadhari nyingine ni kuhusu magari madogo ya 4x4 yenye otomatiki ya mkanda, inayojulikana kama CVT. Haya yametengenezwa zaidi kwa barabara na mzigo wa abiria. Kuvuta tela au kupanda milima na magunia si kazi yake, na oili yake si ile ya otomatiki ya kawaida.

Kabla hujalipa

Ukishaamua aina unayoitaka, usikubali kulipa kabla ya kulijaribu gari lenyewe.

Kwa gia za mkono, washa injini, kanyaga klachi na usikilize. Sauti ya kukwaruza inayokuja unapokanyaga mara nyingi ni rilisi beringi. Kisha, mahali tambarare na handibreki ikiwa imevutwa, weka gia ya tatu na uachie klachi taratibu. Injini ikizima papo hapo, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, plati imekwisha. Fanya hivyo mara moja tu, na hakikisha hakuna mtu mbele ya gari. Halafu endesha kwenye mteremko, ondoa mguu kwenye mafuta katika kila gia, na uangalie kama mkono wa gia unaruka wenyewe kurudi nyutro.

Kwa otomatiki, fika gari likiwa halijawashwa kutwa, ili ulione likiwa baridi. Kanyaga breki, weka D, kisha R. Gari linatakiwa kushika ndani ya sekunde moja au mbili, bila kishindo. Likichelewa au likigonga, ondoka. Endesha kwa nusu saa, kwani kasoro nyingi za otomatiki hujificha hadi oili ipate joto. Kama lina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, kivute. Oili za otomatiki ya kawaida nyingi huwa nyekundu. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na inanuka kuungua, muuzaji anakuuzia tatizo lake. Usisahau kuangalia chini ya gari kama beseni la oili limebonyezwa na mawe.

Baada ya kununua, soma kitabu ujue aina ya oili inayotakiwa na umbali wa kuibadilisha. Usichanganye aina kwa sababu rangi zinafanana. Vitabu vya watengenezaji wengi hutofautisha gari la matumizi ya kawaida na gari la kazi ngumu, na gari la vumbi, milima na mizigo ni la kazi ngumu hata kama lina viti vya ngozi.

Uamuzi

Kwa ujumla, mkulima anayebeba mizigo mizito kwenye miteremko mirefu, aliye mbali na mji mkubwa, bado anafaidika zaidi na gia za mkono. Zinamshusha salama, zinawaka kwa kusukumwa, na fundi wa karibu anazijua. Kama yadi ya kwanza haina, ni afadhali kusubiri au kuagiza kuliko kuchukua lililopo kwa sababu lipo.

Mfanyabiashara anayezunguka mjini na tambarare, anayepita kwenye mchanga, au anayetumia gari kwa ukaguzi wa shamba na familia, anaweza kuchukua otomatiki bila majuto, mradi ameifanyia majaribio na ametenga fedha ya oili yake. Kwa aliye katikati ya makundi haya, anayekaa mjini lakini ana shamba mlimani, kipimo kiwe safari yake ngumu kuliko zote kwa mwaka. Ikiwa ni ile ya mwezi Aprili, mvua za masika zikinyesha, magunia yamepanda hadi juu na barabara inateremka kwenye korongo, basi achague gari la kushuka nalo siku hiyo. Siku nyingine zote zitakuwa nyepesi.